NANI ANAMHARAKISHA KIJANA NJIANI?

Somo kwa ibada za jamaa na mikutano ya baba, ya mama na ya vijana

Mafungu ya kusoma: Kutoka 21:28-32, 1 Wafalme 12:1-16, 2 Wafalme 9:16-20, Malaki 4:5-6, Waefeso 6:1-4



Somo hili ni juu ya mwendo mkali wa motokari na pikipiki katika njia zetu, na juu ya ukuta unaozidi kupanda kati ya wazee na vijana. Watu wengi wanayaona kuwa mambo mawili. La kwanza wanawaachia polisi wa rulaji. La pili wanawaachia wazazi, kila mtu katika lupango lake. Sisi tunaona kwamba ni jambo moja, na mlango wake uko ndani ya nyumba zetu. Kwa hiyo tunaomba somo hili lisifundishwe kwa vijana peke yao. Baba wawepo, mama wawepo, na zaidi sana wale wenye pikipiki na taksi zinazoendeshwa na watoto wa watu wengine.

1. Mlinzi alimjua Yehu kwa mwendo wake

Katika kitabu cha pili cha Wafalme tunasoma habari za mlinzi aliyesimama juu ya mnara katika Yezreeli. Aliona kundi la watu likija kwa mbali. Mfalme alituma mpanda farasi mmoja kuuliza kama kuna amani, naye hakurudi. Alituma wa pili, naye hakurudi. Bado mlinzi hajaona uso wa mtu, lakini akasema kwamba yule anayekuja lazima ni Yehu, kwa sababu anaendesha kama mtu mwenye wazimu.

Tuangalie neno hili. Uso ulikuwa mbali, lakini mwendo ulimtangulia mwenyewe na kumshuhudia. Ndivyo ilivyo leo kwa vijana wetu. Mtu anayevuka njia hajui kama dereva amebatizwa, kama anaimba katika kwaya, kama anapiga tarumbeta katika fanfari ya parokia. Anaona mwendo tu. Wengine wameandika nyuma ya gari neno la Mungu kwa herufi kubwa, lakini wanawapita wengine penye kona na kuwatupa bibi wazee katika mtaro. Maandiko ya nyuma yanasema moja, mapine yanasema lingine. Watu wanaamini mapine.

Tena tuangalie swali ambalo wapanda farasi wale walitumwa kuuliza: je, kuna amani? Swali hilo ndilo kila mama anauliza moyoni anapokaa kandokando ya njia na mtoto mgongoni, akisikia pikipiki inakuja.

2. Njia inatufundisha nini

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za njiani zinaua watu karibu 1,190,000 kila mwaka katika dunia. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za njiani ndizo sababu ya kwanza ya kifo, mbele ya magonjwa yote. Basi tukisema juu ya mwendo mkali, tunasema juu ya kitu kinachomaliza kizazi kile kile tunachokitegemea kutuzika.

Nchi yetu wenyewe imeona. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, katika bonde la Ruzizi upande wa Uvira, kamiyo iliyobeba esanse ilianguka katikati ya makao ya watu. Esanse ilimwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 walikufa, watoto wengi kati yao. Tarehe 6 Oktoba 2018, huko Mbuba, katika njia ya Kinshasa na Matadi, kamiyo nyingine ya esanse iligongana na gari, na watu karibu 50 waliungua. Hao ndio waliosikika duniani. Wale wanaokufa mmoja mmoja, chini ya gari au juu ya pikipiki, hawatajwi katika redio. Wanatajwa katika ibada za matanga tu.

Tuseme pia namna mwendo unavyofanya kazi, maana wengi wanafikiri breki inashinda yote. Mtu anayekwenda kilometa 60 kwa saa anapita karibu meta 17 katika sekunde moja. Mtoto akitoka mbio nyuma ya kibanda, sekunde hiyo moja inapita kabla mguu au mkono haujagusa breki. Meta 17 zimekwisha, na gari bado halijaanza kupunguza. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kufunga breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Anayekwenda 60 anahitaji nafasi ya kufunga breki mara nne kuliko anayekwenda 30. Wakati wa mvua, juu ya godro yenye maji au juu ya udongo mwekundu, nafasi hiyo inazidi tena. Wakati wa kiangazi, vumbi la kamiyo iliyo mbele linaficha ile inayokuja, na anayepita katika vumbi hilo anakwenda kama kipofu.

Na faida ni nini? Kutoka Lubumbashi hata Likasi ni karibu kilometa 120. Mtu anayekwenda 80 kwa saa anafika kwa saa moja na nusu. Mtu anayekwenda 100 anafika kwa saa moja na dakika 12. Amepata dakika 18. Katika njia ile ile yanapita makamiyo marefu ya shaba na kobalti yakishuka kwenda Kasumbalesa. Tena magari mengi yaliyonunuliwa kwa kupitia Dar es Salaam yana usukani wa kuume, na sisi tunaendesha upande wa kuume wa njia. Dereva wa gari la namna hiyo akitaka kupita kamiyo, haoni mbele mpaka gari lake lote limekwisha kutoka upande wa pili. Kwa dakika 18, mtu anaweka mezani maisha yake na ya watu aliowabeba.

Huko Kinshasa, mabasi madogo ya Mercedes 207 watu waliyaita «esprit de mort», maana yake roho ya mauti. Baadaye, katika miaka ya 2010, yalipoletwa mabasi mengine, yakaitwa «esprit de vie», roho ya uzima. Watu walijua jina la lile wanalopanda, na kila asubuhi walilipanda. Kwa kanisa linalohubiri Roho wa uzima, hiyo si hadithi ya kucheka. Inatuonyesha kwamba mtu anaweza kuzoea mauti mpaka akalipa tikiti yake.

3. Namna ukuta ulivyojengwa

Wazee wanasema: «Vijana wa leo hawasikii.» Vijana wanasema: «Wazee hawajui tunakula nini.» Kabla ya kuhukumu, tukumbuke namna tulivyofika hapa.

Katika Katanga, baba wengi walifanya kazi katika Gécamines au katika reli. Baba alileta mshahara, unga wa posho, hospitali na shule. Neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu nyumba yote ilisimama juu ya jasho lake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwanzo wa miaka ya 2000 haikufikia hata tani 50,000. Miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipokea fedha mara moja, na fedha ikaisha.

Katika miaka ile ile pikipiki za bei ndogo kutoka Uhindi na China zikaenea katika miji yetu. Mtoto wa yule baba akapanda pikipiki, akaanza kubeba watu. Katika Lubumbashi watu wakamwita manseba, neno la Kiluba cha Kasai, maana yake mjomba, ndugu wa mama. Fikirini jambo hili: kijana wa miaka 19 anaitwa mjomba na bibi wa miaka 60. Jioni ndiye analeta unga. Baba, ambaye zamani alirudi nyumbani na posho, sasa anakaa mlangoni akingoja sauti ya pikipiki.

Hapo neno la baba likapungua nguvu. Anaona mtoto anatoka bila kaske. Anaona macho mekundu. Anasikia kwa majirani namna anavyokwenda. Lakini anaogopa kusema, kwa sababu anayekula katika mkono fulani hawezi kuushika mkono ule kwa urahisi. Basi ananyamaza. Mtoto anaona kunyamaza kule, naye anafikiri: baba hajali, mradi unga umefika. Huo ndio ukuta. Haukujengwa na chuki. Ulijengwa na haya ya baba na uchovu wa mtoto, jiwe juu ya jiwe, kila jioni.

Ndiyo maana tunasema kwamba mwendo mkali na ukuta wa vizazi ni jambo moja. Kijana asiye na mtu wa kumwambia «polepole» kwa haki na kwa upendo, anajifunza mwendo wake kutoka kwa wenzake tu. Na wenzake wanapima ujasiri kwa kilometa.

4. Ng'ombe mwenye kupiga pembe na bwana wake

Katika Kutoka sura ya 21, Mungu aliwapa Waisraeli sheria juu ya ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, ng'ombe anauawa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenye ng'ombe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi damu inakuwa juu ya mwenye ng'ombe pia.

Hapa sheria ya Mungu inafanya kitu ambacho sisi hatupendi kufanya. Haimtazami tu yule aliyepiga. Inauliza: Ni nani bwana wake? Je, alijua? Je, alionywa? Alifanya nini?

Pikipiki nyingi zinazobeba watu mijini si za vijana wanaoziendesha. Zina wenyewe. Mwingine ni mwalimu, mwingine ni askari, mwingine ni mama wa soko, mwingine ni mzee wa kanisa. Kila jioni, au kila mwisho wa juma, kijana analeta fedha iliyokatwa, ile inayoitwa «versement», yaani hesabu. Tuchukue mfano wa kuhesabu, ili tuone kwa macho.

Tuseme kijana anapata safari mbili kwa saa. Kwa saa 12 za kazi, hizo ni safari 24. Tuseme hesabu ya mwenye pikipiki ni bei ya safari 14, na esanse inakula bei ya safari 6. Zinabaki safari 4 kwa ajili ya chakula chake, cha mama yake na wadogo zake. Sasa mvua inanyesha saa mbili. Safari 4 zimekufa. Hesabu haipungui, maana mwenye pikipiki hajui habari ya mvua. Kijana amefanya kazi kutoka asubuhi mpaka usiku kwa ajili ya mtu mwingine, na nyumbani wanangoja unga.

Atafanya nini? Ana njia tatu tu. Atafanya kazi saa 16 badala ya 12, na usingizi utamshika juu ya pikipiki. Au atabeba watu watatu au wanne mara moja. Au atakimbia ili saa moja izae safari tatu. Wengi wanafanya yote matatu.

Basi tuulize tena: nani anamharakisha kijana njiani? Siku ya Jumapili mzee anasimama na kusema mbele ya vijana kwamba mwendo mkali ni dhambi. Siku ya Jumatatu jioni mzee yule yule anahesabu fedha na kusema: «Haijatimia. Kesho ulete yote.» Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu akisema maneno mawili, kijana atasikia lipi? Atasikia lile linalomnyima kazi asipolitii. Kwa hiyo mguu unavunjika kwa kusikia la mkuu, si kwa kukosa kulisikia.

5. Shauri la wazee mbele ya Rehoboamu

Mtu anaweza kusema: «Je, mnataka wazee waache haki yao?» Hapana. Tusome 1 Wafalme sura ya 12. Watu walimwendea Rehoboamu na kumwomba apunguze nira nzito aliyoiweka baba yake Sulemani. Rehoboamu alishauriana na wazee, nao wakamwambia awe mtumishi wa watu na kuwajibu kwa maneno mema, ndipo watamtumikia siku zote. Akaacha shauri lao, akawafuata vijana aliokua nao, ambao walimpa shauri la kuongeza mzigo. Siku ile ufalme ulipasuka, na haukuungana tena.

Mara nyingi fungu hili linahubiriwa ili vijana wawasikilize wazee. Mahubiri hayo ni mema, lakini yanaacha nusu. Tuangalie wazee wale walisema nini. Heshima yao ilitoka katika shauri lao, na shauri lao lilikuwa kupunguza mzigo. Mvi zilisema upole, na kiburi cha ujana kilisema ukali. Lakini katika nyumba nyingi leo mambo yamegeuka: kijana ndiye anaomba mzigo upunguzwe, na mwenye mvi ndiye anasema kidole chake kidogo ni kinene. Mzee anayetaka kusikiwa kama wazee wa siku zile, atoe shauri kama lao.

Mtume Paulo naye katika Waefeso sura ya 6 anafuata mpango huo huo. Anawaambia watoto watii wazazi wao, tena mara moja anawaambia baba wasiwachokoze watoto wao kwa hasira. Na nabii Malaki, katika maneno ya mwisho ya Agano la Kale, anaanza na mioyo ya baba kuwaelekea watoto, ndipo mioyo ya watoto kuwaelekea baba. Baba wanatajwa kwanza. Mwenye miaka mingi ndiye anaanza kutembea kuelekea mwenzake.

6. Tusitafute mlozi pahali pa breki

Kuna jambo lingine tunataka kulisema wazi, kwa sababu linabomoa jamaa zetu. Kijana akifa njiani, matanga hayajakwisha na watu wanaanza kuuliza: «Nani amemkula?» Macho yanamgeukia bibi mzee wa upande wa baba, au mjomba asiye na mtoto. Vijana wanakamata maiti, wanapeleka makaburini kwa kelele na michezo ya pikipiki, wanawatukana wazee waliokaa penye kilio. Wazee wengine wamepigwa, wamefukuzwa, nyumba zao zimebomolewa. Na mara nyingine katika mazishi ya mtu mmoja, mwendo ule ule unaleta maiti ya pili.

Wapendwa, kanisa letu tangu mwanzo liliacha sanamu za uchawi na kufundisha kwamba Mungu ana nguvu kuliko ulozi wote. Basi mwamini asiutafute ulozi pale ambapo sababu iko wazi. Kabla ya kumtaja bibi, muulize: Breki zilikuwa namna gani? Pine lilikuwa limebaki na meno? Taa iliwaka? Kijana alilala saa ngapi? Alikunywa lutuku? Alivaa kaske? Alidaiwa fedha ngapi siku ile? Mkijibu maulizo hayo kwa kweli, mara nyingi hamtabaki na swali la mlozi.

Kumshitaki mzee bila kosa ni kutoa ushuhuda wa uongo, na amri ya Mungu inakataza. Tena kunafunika kosa lenyewe, maana mwenye pikipiki yenye breki mbovu anarudi nyumbani kwa amani, anampa kijana mwingine pikipiki ile ile, na juma linalofuata tunalia tena. Na ukuta kati ya vizazi unapanda juu zaidi, kwa sababu sasa una damu ndani yake.

7. Mfano wa nyumba ya Baba Simon Kimbangu

Kuna wanaosema kwamba vizazi vinatengana kwa sababu nyakati zimebadilika, au kwa sababu baba hayupo nyumbani. Tuangalie nyumba moja ambapo baba hakuwepo kabisa.

Baba Simon Kimbangu alihukumiwa tarehe 3 Oktoba 1921. Watoto wake walikuwa wadogo: Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana miaka 5, Diangienda miaka 3. Alipelekwa mbali nao, toka upande mmoja wa Kongo hata upande mwingine, katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Alikaa kifungoni miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuweza kuwapa wanawe posho wala shule.

Lakini Mama Marie Muilu alichunga neno la baba katika masikio ya watoto, na kazi ikaendelea kwa siri wakati wa mateso. Mama alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba ya mwaka ule ule serikali ya Ubelgiji ililitambua kanisa, likiongozwa na Diangienda, yule aliyekuwa na miaka 3 baba yake alipokamatwa. Mwaka 1960 mwili wa baba ulirudishwa Nkamba.

Tunajifunza nini? Si fedha inayopitisha neno kutoka kizazi hata kizazi. Baba asiye na mshahara bado ana neno, kama neno hilo limelipwa kwa maisha yake mwenyewe. Basi wewe baba uliyeachishwa kazi, usifikiri kwamba umepoteza haki ya kumwambia mtoto wako «polepole». Umepoteza mshahara tu. Ubaba haukuandikwa katika karatasi ya mshahara.

8. Upendo, Amri, Kazi

Kanisa letu lina maneno matatu yanayojulikana na kila mtoto: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani Upendo, Amri, Kazi. Tuyapeleke njiani.

Upendo. Mzazi, mtoto anaporudi jioni, neno la kwanza lisiwe «Umeleta ngapi?» Liwe «Umefikaje?» Maneno haya mawili hayana bei, lakini yanaonyesha kile unachokingoja mlangoni, mtoto au fedha. Nanyi mnaopanda nyuma, mwambieni dereva: «Mwanangu, twende polepole, nina watoto wanaoningoja.» Msimwongezee fedha ili akimbie. Anayemwongezea fedha ni mwenziwe katika ajali.

Amri. Nchi yetu ina sheria ya njia tangu tarehe 30 Agosti 1978, nayo inamtaka dereva awe na permi na chombo kizima. Kuitii ni sehemu ya utii wetu kwa Mungu. Kijana, hata kama hesabu ni nzito, mkono unaoshika pikipiki ni wako. Mzigo wa mwenye pikipiki hautakutetea mbele ya mama wa mtoto uliyemgonga. Vaa kaske na uifunge chini ya kidevu, nawe uwe na ya pili kwa abiria. OMS inafundisha kwamba kaske nzuri iliyovaliwa vema inapunguza hatari ya kifo zaidi ya mara sita. Usiguse pombe wala bangi, maana kanisa limekwisha kukukataza kabla hujapanda. Simu ikilia, simama kwanza.

Kazi. Mwenye pikipiki na kijana wafanye masikilizano kwa maandishi, mbele ya shahidi mmoja wa parokia. Waandike hesabu ni kiasi gani, na namna itakavyopungua siku ya mvua, siku ya ugonjwa na siku ya kutengeneza. Waandike siku moja ya mapumziko kila juma, ambayo hesabu haiulizwi, ili kijana aje ibadani na alale. Mwenye pikipiki mwenyewe, si fundi peke yake, aangalie breki, mapine na taa kila juma. Huyo ndiye anayemfunga ng'ombe wake.

Na parokia itoe mfano. Tunapokwenda kusindikiza maiti au kuhudhuria sikukuu, kwaya na fanfari wasirundikwe juu ya kamiyo iliyo wazi, watu wakining'inia kandokando na kuimba. Afadhali kwenda mara mbili kuliko kurudi pungufu. Dereva wa safari ya kanisa asihimizwe na mtu yeyote, hata kiongozi aliyechelewa.

Maulizo ya mazungumzo

1. Katika jamaa yetu, nani analeta fedha, na nani anatoa shauri? Je, hao wawili wanasikilizana?

2. Kama Mungu angeuliza juu ya pikipiki au taksi yetu kama alivyouliza juu ya ng'ombe, tungejibu nini? Tulionywa mara ngapi?

3. Wazee wa Rehoboamu walishauri kupunguza mzigo. Ni mzigo gani tunaoweza kumpunguzia kijana mwezi huu?

4. Vijana wajibu wenyewe: ni maneno gani mzee akisema tunasikia, na ni yapi akisema tunafunga masikio? Kwa nini?

5. Katika matanga ya mwisho ya kijana aliyekufa njiani, tulitafuta sababu wapi?

Tunashauri maulizo 1 na 4 yajibiwe kwanza na vijana, wazee wakisikiliza bila kukata maneno, halafu maulizo 2 na 3 yajibiwe na wazee, vijana wakisikiliza. Ya 5 ijibiwe na wote pamoja.

Sala

Ee Mungu Baba, wewe unahesabu hatua za kila mmoja wetu. Geuza mioyo ya baba iwaelekee watoto, na mioyo ya watoto iwaelekee baba. Uwape wenye mali moyo wa kupunguza nira. Uwape vijana wetu mikono mipole na macho yaliyo wazi. Uwafariji wale ambao mtoto wao hakurudi. Na jioni ya leo, kila mlango unaongoja ufunguliwe na yule anayengojwa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.